Msituulize Ataacha Lini

Ukiwa na ndugu anayekunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hapa Dar es Salaam, swali utakaloulizwa kuliko yote ni hili: "Sasa hiyo dawa ataacha lini?" Utaulizwa msibani, utaulizwa kwenye kikao cha harusi, utaulizwa na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Wengi wanaouliza hawana ubaya. Walimwona mdogo wangu alivyokuwa amekwisha, leo wanamwona anaamka, anaoga, anakwenda kazini, na kwa hesabu yao imebaki hatua moja tu, nayo ni kuachana na hicho kikombe cha dawa cha kila asubuhi. Naandika kwa sababu nimeliona swali hilo likiwatoa watu kwenye tiba, na baadhi yao tumekwenda kuwazika.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mtu aliyezama kwenye heroini miaka mingi, sipimi tiba yake kwa siku atakayoacha methadoni. Naipima kwa kuangalia kama kesho atakuwepo tena kwenye dirisha la kliniki, na kesho kutwa, na mwezi ujao. Dawa yenyewe imeshathibitika. Tunakoshindwa ni kumfikisha mtu kwenye hiyo dawa, na kisha kumwezesha abaki.

Asiyeijua arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, huwaza kwamba teja hataki tu kuacha. Inaanza na miayo. Mdogo wangu alikuwa akipiga miayo mfululizo, machozi yanamtoka na kamasi zinachuruzika, wageni wakidhani ana mafua. Baada ya muda vinyweleo vinasimama, anatoka jasho la baridi, tumbo linasokota, anaharisha, anatapika, mifupa inamuuma mpaka hajui alalie ubavu gani, na miguu inaruka yenyewe kitandani. Kwa heroini hali hiyo hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na mwili huanza kutulia baada ya wiki hivi, lakini kukosa usingizi na hamu ya unga, yaani hiyo heroini, vinaweza kumfuata mtu miezi mingi. Hapo ndipo sufuria za mama zinapouzwa. Wakati ule hakuwa tena akitafuta starehe, starehe ilikwisha zamani. Alikuwa akinunua saa chache za kutoumwa.

Methadoni nayo ni ya ukoo huohuo wa afyuni, na kliniki hazilifichi jambo hilo. Tofauti iko kwenye mwendo wake mwilini. Heroini hupanda kwa kasi na kushuka kwa kasi, ndiyo maana mtu anahitaji kete kadhaa, yaani vipakiti vidogo vya unga, kwa siku, na kila kete ina safari yake ya kutafuta pesa. Methadoni hunywewa, hupanda taratibu na kukaa muda mrefu, kwa hiyo kikombe kimoja cha asubuhi kinamshikilia mtu mpaka asubuhi ya pili. Dozi ikishakaa sawa, hasikii arosto, halewi, na hata akijidunga unga juu yake hapati kile alichokuwa akikipata zamani. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo ya tiba hii huko New York mwaka 1965, wakiwa na wagonjwa 22 tu. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaiweka methadoni, pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huu, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo anayesema ni majaribio yanayofanyiwa watoto wetu amechelewa miaka mingi.

Kuna uchambuzi mmoja ninaoushika sana ninapozungumza na ndugu. Ulichapishwa mwaka 2017 kwenye BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, na ulikusanya tafiti zilizofuatilia zaidi ya watu 120,000 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali. Walipokuwa ndani ya tiba, walikufa takribani 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Walipokuwa nje ya tiba, takribani 36. Ni watu walewale wenye uraibu uleule, kilichobadilika ni kwamba wamo au wametoka. Uchambuzi huo ulionesha pia kwamba kuna majuma ya kuchungwa kwa macho mawili: manne ya mwanzo wa methadoni, na manne ya mwanzo baada ya kuiacha. Ndugu anapomsukuma kijana aache haraka, anamsukuma moja kwa moja kwenye hayo majuma.

Unga wenyewe haukuota hapa. Unatoka Afghanistan, unashuka hadi pwani ya Makran upande wa Pakistan na Iran, unapakiwa majahazini na kuletwa kusini. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini ndani ya jahazi moja kwenye bahari ya Kenya. Mzigo mwingi unapita kwenda mbali, lakini sehemu yake imekuwa ikibaki Mombasa, Malindi, Unguja, Tanga na hapa Dar. Mwanzoni vijana waliuvuta, wengi kwenye kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga. Kuelekea miaka ya 2000 ilipoingia heroini nyeupe, inayoyeyuka kwenye maji bila shida, mabomba ya sindano yakashika hatamu. Utafiti uliofanyika Dar katikati ya muongo ule uliwakuta wanaojidunga wakiwa na VVU kwa kiwango cha watu wanne hivi kati ya kumi, na wanawake wakiwa wameathirika zaidi ya wanaume.

Ndipo mwezi Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ikaanza kutoa methadoni. Ilikuwa huduma ya kwanza ya umma ya aina hiyo Afrika bara kusini mwa Sahara, kwani Mauritius walikuwa wameshatangulia kisiwani kwao tangu 2006. Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, kisha Temeke. Kenya wakafungua Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Zanzibar wakafungua Kidongo Chekundu mwaka 2015. Leo kuna kliniki Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko, na maelfu ya watu wanakunywa bure. Nakumbuka maskani yetu ya Mbagala kabla ya hapo, na kwa hiyo ninapoandika malalamiko hapa chini, yasichukuliwe kwamba siheshimu kilichojengwa. Watu walioanzisha kazi hii walifanya jambo kubwa.

Lakini watafiti walipowafuatilia wateja wa miaka ile ya mwanzo Muhimbili, waliona kwamba baada ya miezi 12 waliobaki kwenye tiba walikuwa asilimia 57. Kiwango cha namna hiyo hupatikana hata kwenye nchi tajiri, sikitaji ili kuiaibisha kliniki. Nakitaja kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo kila familia ingepaswa kuambiwa siku ya kwanza: waliokuwa wakipewa dozi ndogo, chini ya miligramu 40, walitoroka zaidi sana kuliko waliopewa dozi kubwa. Huku mtaani imani iko kinyume kabisa. Mtu akipandishiwa dozi, nyumbani wanasema amezidi kuharibika. Akishuka, wanashangilia. Nimemsikia mama mmoja kwenye benchi akimsihi daktari "ampunguzie kidogo kidogo" mwanawe ambaye hata mwezi hajamaliza, na bado usiku anaamka akitetemeka. Daktari hawezi kuanza juu, kwa sababu dozi kubwa ya ghafla inaua, hivyo anaanza na miligramu 20 au 30 na kupanda kwa tahadhari. Majuma hayo ya kupanda ndiyo magumu. Asubuhi mtu yuko sawa, ikifika saa nne ya usiku arosto inabisha hodi, naye anajua kabisa kete inapouzwa. Wengi wanaokatisha tiba njiani, hukatisha hapo.

Kliniki yetu sitaitaja jina. Ukifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi unakuta foleni imeshajipanga ukutani, wanaume wengi, wanawake wachache, kila mtu na kadi yake. Dirisha lina nondo. Mfamasia anaitazama picha yako kwenye kompyuta, anakutazama wewe, anakuuliza umelalaje. Swali hilo si la adabu tu. Anakusikiliza ulimi kama ni mzito, anaangalia macho, maana aliyekuja amelewa pombe au amemeza valiamu akiongezewa methadoni anaweza kulala asiamke, na wa namna hiyo huambiwa asubiri au arudi baadaye. Ukiwa salama, dawa inapimwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Unakunywa mbele yake, unatia maji kwenye kikombe hichohicho unakunywa tena, halafu unasema neno moja mbili ili aone kwamba umemeza na hukubakiza shavuni. Imekwisha. Haifiki dakika mbili.

Dakika hizo mbili ndizo zinazokula siku nzima. Mdogo wangu anaparua samaki Feri, kwenye soko la samaki. Anayeijua Feri anajua kwamba pesa ya pale iko alfajiri: mnada unaanza giza halijaondoka, wenye mighahawa na mama ntilie wanatoka na samaki wao, na aliyepo na kisu na kipario chake wakati huo ndiye anayeshika wateja. Ikifika saa tatu umebaki na wanunuzi wa samaki wawili watatu. Sasa dirisha la kliniki nalo linafunguliwa saa hizohizo. Kwanza Mbagala mpaka kliniki, kisha kliniki mpaka Feri, akifika watu wameshamaliza. Wanaosubiri kuchukuliwa vibarua vya ujenzi wako vilevile, maana fundi anachagua wasaidizi wake alfajiri na hamsubiri mtu. Tunamwambia kijana aache unga afanye kazi, halafu dawa ya kuacha unga tunaigawa kwenye muda uleule wa kazi.

Nauli nayo. Dawa ni bure, lakini basi si bure, na methadoni haina Jumapili wala sikukuu. Ukizidisha nauli ya kwenda na kurudi kwa siku 30, unakaribia kodi ya chumba kimoja huku kwetu uswahilini. Mtu aliyekuwa akipata pesa kwa kuiba, siku anapoacha kuiba ndipo anapokosa hata ya daladala. Wapo wanaotembea kutoka mbali, nawajua kwa viatu vyao. Wapo waliohamia kulala karibu na kliniki, kwenye vibaraza, ili wasikose dozi, na hapo karibu na kliniki ndipo wauza kete wanapojisogeza, kwa sababu wanajua wateja wao wa zamani watapita kila siku.

Jambo lililonifundisha zaidi ni lile la TB. Mdogo wangu alianza kukohoa, akapimwa, akakutwa nayo, akaanza vidonge. Siku chache baadaye arosto ikarudi kama mwanzo. Kila ikifika alasiri, miayo, jasho, tumbo. Akaenda kusema. Mtoa huduma aliyemkuta siku ile, ambaye simtaji wala simlaumu kwa jina, alimwambia mbele za watu kwamba wote wanasema hivyo wakitaka kuongezewa, na kwamba akapime mkojo maana bila shaka amerudi kwenye unga. Mkojo ukatoka safi. Bado hakuongezewa. Alirudi nyumbani akaniambia, "Dada, kama wananiona mwongo, basi bora niwe mwongo kweli." Niliogopa kauli ile kuliko TB.

Daktari mwingine ndiye aliyetueleza. Katika vidonge vya TB kuna rifampisini, na rifampisini huamsha ini livunjevunje methadoni upesi kuliko kawaida. Dozi iliyokuwa ikimtosha saa 24 sasa inamwishia mchana. Zipo dawa za VVU, kama efavirenzi na nevirapini, zenye tabia hiyohiyo, na kuja kwa dolutegraviri kumepunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Alimpandishia mdogo wangu dozi hatua kwa hatua mpaka arosto ikakata, na alipomaliza miezi 6 ya TB akamshusha tena kwa utaratibu, kwa kuwa ini likishatulia dozi ileile kubwa inaweza kumzidi. Ni elimu ya kawaida kwa madaktari wanaohusika, imo kwenye miongozo. Lakini fikiria wangapi waliambiwa wao ni waongo, wakaondoka, na kwenye daftari wakaandikwa "ametoroka".

Na kutoroka kwenyewe mara nyingi kuna sababu ambayo mtu yeyote mwenye ndugu angeielewa. Shangazi yetu alifariki Ikwiriri, Ijumaa usiku. Msiba hautoi taarifa. Barua ya ruhusa hutolewa na daktari siku za kazi, dozi ya safari ina taratibu zake, na Ikwiriri hakuna kliniki ya methadoni. Mdogo wangu alikunywa Jumamosi asubuhi, akakimbilia mabasi ya Rangi Tatu, akawahi kaburini. Jumapili alasiri alianza kujikunyata pembeni ya turubai. Watu wanakula wali wa msiba, yeye sahani iko mbele yake hajaigusa, kanzu imelowa mgongoni. Jumatatu alfajiri akapanda basi la kwanza kurudi Dar, kabla ya kuanua matanga. Baba mdogo alisema kwa sauti, ili wote tusikie, kwamba mwanamume mzima ameshindwa kukaa siku tatu kumlilia aliyembeba mgongoni. Mdogo wangu alikuwa ameshaondoka, lakini maneno ya msibani huwa yanafika.

Hakuna aliyejua kwamba angekaa siku mbili tatu zaidi, kliniki isingempa tena dozi yake kamili. Mwili ukikosa methadoni siku kadhaa unapoteza uzoefu, na dozi ya juzi inaweza kuua leo, kwa hiyo aliyekosa hupunguziwa au kuanzishwa upya. Ni sahihi kitabibu. Lakini kwa mgonjwa maana yake ni kurudi kwenye yale majuma ya arosto ya usiku. Ndiyo sababu kosa dogo la msiba mmoja huzaa mwezi mzima wa hatari. Nimeshamsikia mtu kwenye foleni akikataa kwenda kumzika baba yake mzazi Kigoma. Alilia pale pale ukutani, kisha akaingia akanywa, akabaki. Watu wa nyumbani kwao wanamwita hana utu.

Wanawake ni wachache kwenye foleni yetu, na si kwa sababu ni wachache kwenye unga. Nimezungumza na dada mmoja anayekuja na mtoto mgongoni. Alipopata mimba, mwanamume aliyekuwa naye alimwambia methadoni itamuua mtoto, akamfungia ndani atoke jasho mpaka aache. Alikutana na muuguzi aliyemwambia kinyume: kwa mjamzito mwenye uraibu huu, kuacha ghafla ndiko kunakohatarisha mimba, na methadoni ndiyo njia iliyo salama zaidi. Mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na arosto yake ndogo, kilio chembamba na kutetemeka, na hospitali huwa inajua namna ya kumtunza mpaka ipite. Kunyonyesha aliruhusiwa, na mtoto ana afya. Lakini ili afike kila asubuhi lazima amwogeshe mtoto gizani, apande daladala iliyojaa na mtoto mgongoni, na avumilie macho ya wanaume ukutani, ambao wengine walimjua alipokuwa akijiuza ili apate kete. Wanawake wengine walioanza naye hawaji tena. Mmoja alikatazwa na bwana wake, ambaye mwenyewe anakunywa palepale.

Narudi kwa familia, kwa sababu kliniki ina muda wake mdogo wa asubuhi na saa zilizobaki zote mgonjwa yuko mikononi mwetu. Tuna kiu ya kuona ndugu yetu "amepona", na kupona tunakokujua ni kwa malaria: unameza, unamaliza dozi, mwisho. Uraibu wa heroini hauendi hivyo kwa watu wengi. Wapo wanaopunguza polepole sana, kwa miezi na miaka, chini ya daktari, nao wanamaliza salama. Nawapongeza. Wapo watakaokunywa maisha yao yote, wakifanya kazi, wakioa, wakisomesha watoto, na hakuna cha kusikitikia hapo. Aliye na presha anameza vidonge vyake na humuulizi ataacha lini, kwa nini umuulize huyu?

Nyumba za soba, wanakokaa watu wanaojitahidi kuacha unga, nazo naziheshimu. Unguja na hapa Dar zimewainua vijana niliowajua tangu wakicheza gombania goli, na wenyewe wanaoziendesha ni waliotoka kwenye unga, wanajua wanachokisema. Ninachokipinga ni pale mtu anapoambiwa kwamba anayekunywa methadoni bado ni teja, kwamba amehamisha tu uraibu. Kijana mmoja wa foleni yetu alikuwa na mwaka na zaidi kwenye tiba, ametulia, ana mchumba. Wazazi wa mchumba wakasema hawaozi binti yao kwa mtu wa kliniki. Akaomba ashushwe haraka, akashauriwa asifanye hivyo, akaacha kuja mwenyewe. Akakaa bila kitu majuma kadhaa, kila mtu akimsifu. Siku aliyoteleza alipiga kipimo chake cha zamani, kile alichokuwa akikimudu enzi zile. Walimkuta chooni. Sijui wale wazazi wa mchumba wanajisikiaje, na wala siandiki kuwahukumu. Hakuna aliyewaeleza.

Yapo mambo ya kurekebisha, na mengine si ya gharama kubwa. La kwanza ni muda. Dirisha moja tu likifunguliwa saa kumi na moja alfajiri, au likarudiwa jioni, lingewaokoa wenye vibarua wote. La pili ni dozi ya kwenda nayo nyumbani kwa waliotulia. Kwetu bado ni ya wachache, na naelewa woga uliopo: dozi ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto akidhani ni juisi, inaweza kuibwa, inaweza kuuzwa. Kwa hiyo iwe chupa yenye kifuniko kigumu na kisanduku chenye kufuli, na apewe anayejulikana. Marekani, ambako masharti ya methadoni yalikuwa makali miaka na miaka, Machi 2020 kwa sababu ya korona waliruhusu waliotulia wapewe mpaka dozi za siku 28 wakati mmoja. Vifo vya methadoni havikufumuka kama ilivyohofiwa, na mwaka 2024 ruhusa ile ikafanywa ya kudumu. Ufaransa walikwenda mbali zaidi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 daktari wa kawaida wa mtaani aliruhusiwa kuandika buprenofini, kidonge kinachowekwa chini ya ulimi, na mgonjwa akachukua famasi kama dawa nyingine. Kati ya 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha heroini na dawa za jamii yake vilishuka kwa karibu asilimia 80. Sisi si Ufaransa, lakini mfamasia wetu hana mikono tofauti na wa kule.

La tatu linaniuma zaidi kwa sasa. Kliniki hizi na asasi zinazozizunguka zimebebwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na hata huduma zilipopata ruhusa ya kuendelea, kazi nyingi za mtaani hazikurudi kama zamani. Kwetu aliyepotea ni mwelimisha rika. Kijana huyu, mwenyewe mnywaji wa methadoni, alikuwa na daftari la waliokosa dozi. Ukikosa leo, jioni anakupigia. Ukikosa kesho, anakuja maskani anakutafuta, na akikukuta kwenye hali mbaya anakaa nawe mpaka asubuhi mwende pamoja. Posho yake ilikuwa ndogo. Dawa bado ipo dirishani, lakini aliyekuwa akiwarudisha watu dirishani hayupo, na foleni inapungua taratibu bila mtu wa kuuliza waliokuwa wakisimama pale wako wapi. Hii ni kazi ambayo halmashauri zetu zinaweza kuilipia zikiamua. Vita dhidi ya dawa za kulevya kila mwaka ina mkutano, mabango na fulana. Posho ya mwelimisha rika ni ndogo kuliko hizo fulana.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa na ndugu aliyekatisha, fanya hivi. Mrudishe, hata kama imepita miezi, hata kama mara ya mwisho aliondoka kwa matusi. Nendeni wawili, kwa sababu akiwa peke yake mlinzi getini anatosha kumkatisha tamaa. Akifika aseme ukweli wote: siku ngapi hakunywa, ametumia nini tangu hapo, anakunywa pombe kiasi gani, yuko kwenye dawa za TB au za VVU. Asiombe dozi yake ya zamani, wataanza chini na kupanda. Hayo majuma ya mwanzo mtu mmoja nyumbani alale chumba kimoja naye, na akimsikia anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, pumzi zinachelewa, midomo inabadilika rangi, amgeuze alale ubavu, amwamshe kwa nguvu, na asisubiri kukuche ndipo ampeleke hospitali. Nauli ya mwezi wa kwanza mchangie ndugu kama mnavyochangia harusi. Mengine atayaongea mwenyewe akishaanza kupata usingizi.